Rada ya meli haioni kila kitu: jinsi pembe ya bati inavyoweza kumwokoa mvuvi

IWAPO umewahi kuipeleka familia Mombasa wakati wa likizo, bila shaka jioni moja mlisimama Mama Ngina Drive, kila mtu na mihogo yake ya kukaanga mkononi, mkitazama meli zikiingia Kilindini. Mlango wa bahari pale ni mwembamba, na meli hupita karibu kiasi kwamba watoto huwapungia mkono mabaharia. Na juu kabisa ya meli, pale penye chumba cha nahodha, huwa pana kitu mfano wa ubao mrefu kinachozunguka na kuzunguka bila kuchoka.

"Baba, kile kinachozunguka ni nini?" mtoto huuliza.

"Ile ni rada, mwanangu. Ndiyo macho ya meli. Usiku, mvua, ukungu, inaona kila kitu."

Jibu hilo, msomaji mpendwa, ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo tunayoitaka leo, kwa maana ndani yake mna uhai wa watu. Jioni hiyo hiyo mkitazama chini ya mwamba, huenda mkaona ngalawa au mashua ya mbao ikitoka kwenda kuvua usiku, ndani wakiwa wavuvi wawili au watatu, nyavu, jagi la maji na taa. Meli ile ndefu kama mtaa mzima itaonekana kwenye kioo cha rada kama doa kubwa linalong'aa. Mashua ile je? Huenda isionekane kabisa, hata kama iko mbele ya meli.

Kwa nini chombo kinachoonekana wazi kwa macho ya mtoto kinaikwepa mitambo ya gharama kubwa? Na je, kuna dawa?

Kupiga hodi gizani

Ili kuelewa, tuanze na jambo ambalo kila Mswahili analijua: hodi. Ukifika nyumbani kwa mtu usiku, huoni ndani. Unabisha, unasema "Hodi!" kisha unangoja. Ukisikia "Karibu!" unajua kuna mtu, na kwa sauti yenyewe unakisia kama yuko karibu na mlango au yuko chumba cha ndani. Usipoitikiwa, unaondoka ukiamini hakuna mtu. Hata kama mwenyewe yumo amelala, kwako wewe hayupo.

Rada nayo hufanya hivyo hivyo. Antena ile inayozunguka hutoa mlipuko mfupi sana wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Yakigonga kitu, hutawanyika huku na huko, na sehemu ndogo hurudi yalikotoka. Huo ndio mwangwi. Kitu kilicho umbali wa kilomita 15 hurudisha mwangwi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mashine hupima muda huo, hupiga hesabu ya umbali, na kuweka doa kwenye kioo.

Sasa angalia hili. Rada haioni mashua, haioni ndege, wala haioni kisiwa. Inachopokea ni mwangwi tu. Asiyeitika huhesabiwa hayupo.

Tena mwangwi hudhoofika upesi mno. Mawimbi yakienda hupanuka na kupungua nguvu, na yakirudi hupanuka na kupungua tena. Kwa sababu hiyo, umbali ukiongezeka mara mbili, mwangwi haupungui kwa nusu bali hubaki sehemu moja tu ya 16. Ikumbuke namba hiyo 16, maana tutakutana nayo tena.

Kutoka Cologne hadi Mambrui

Mtambo wa kwanza wa aina hii ulibuniwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha watu mjini Cologne, kando ya mto Rhine, kwamba mawimbi ya redio yangeweza kugundua meli inayokuja hata kama haionekani. Nia yake ilikuwa kuzuia meli zisigongane. Wakati huo wanunuzi hawakumjali.

Mambo yalibadilika vita vilipokaribia. Tarehe 26 Februari, 1935, Waingereza Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins waliegesha gari lao karibu na mji wa Daventry, wakaiagiza ndege ya kivita ipite mbele ya mawimbi ya kituo cha redio cha BBC. Mwangwi wa ndege ulionekana, na kuanzia siku hiyo serikali yao ikafungua mfuko.

Watu wengi hawajui kwamba pwani yetu nayo imo katika historia hii. Mwaka 1940, wanasayansi wa Afrika Kusini wakiongozwa na Basil Schonland walileta Kenya rada waliyoiunda wenyewe mjini Johannesburg, wakaisimika Mambrui, kaskazini ya Malindi, ili kuvizia ndege za Waitaliano. Mtambo huo ulitumia mawimbi marefu ya mita kadhaa, yanayofaa kugundua ndege angani. Mwaka huo huo, huko Birmingham, John Randall na Harry Boot waliunda kifaa cha kutoa mawimbi mafupi ya sentimita 10 hivi kwa nguvu kubwa. Hapo ndipo rada ilipoanza kuviona vitu vidogo, hata darubini ya nyambizi inayochungulia juu ya maji.

Siku hizi rada ya kawaida ya meli hutumia mawimbi ya urefu wa kama sentimita 3. Meli kubwa huwa na rada ya pili ya sentimita 10. Sababu ya kuwa na mbili tutaiona hivi karibuni.

Baiskeli inaishinda mashua

Wahandisi wana njia yao ya kupima jinsi kitu "kinavyoitikia" rada. Hawapimi urefu wala uzito wake. Wao huuliza: mwangwi wa kitu hiki ni sawa na mwangwi wa tufe la chuma lenye ukubwa gani? Tufe la kupima lenye upana wa kama sentimita 113, ambalo kivuli chake ni mita moja ya mraba, huhesabiwa kuwa na mwangwi wa mita moja ya mraba. Vitu vingine vyote hulinganishwa nalo.

Vitabu vya uhandisi wa rada hutoa makadirio ambayo yatakushangaza. Mtu mzima: kama mita 1 ya mraba. Baiskeli: 2. Ndege kubwa ya abiria aina ya jumbo: 100. Motokaa ya kawaida: 100 vilevile! Naam, gari lililoegeshwa mlangoni kwako linaweza kuitika sawa na jumbo. Ndege mdogo wa porini: 0.01.

Na mashua ndogo ya wazi? Ni 0.02 tu.

Irudie hesabu hiyo polepole. Chombo kilichobeba wanaume watatu, wenye wake na watoto nyumbani, huitikia rada kama ndege wawili wa porini. Baiskeli huishinda mara mia moja. Umdhaniaye ndiye kumbe siye: ukubwa wa mwili si ukubwa wa mwangwi.

Sababu ya kwanza ni kitu kilichotumika kuundia. Chuma huyarudisha karibu mawimbi yote yanayokigonga. Mbao huyaacha mengine yapenye na mengine yafie ndani. Fibaglasi, ambayo mashua nyingi za kisasa hutengenezwa kwayo, ndiyo mbaya zaidi. Huyaachilia mawimbi yapite karibu kama kioo cha dirisha kinavyopitisha mwanga. Ndiyo maana pua ya ndege ya abiria, ambamo hufichwa rada ya hali ya hewa, hutengenezwa kwa fibaglasi au kitu cha jinsi hiyo. Pale wanataka mawimbi yapite. Kwa mvuvi, sifa hiyo hiyo ni hatari.

Sababu ya pili ni umbo, na hili ndilo lenye siri kubwa zaidi.

Bamba, mpira na pembe

Chukua vitu vitatu vya chuma, kila kimoja cha sentimita 30. Cha kwanza ni bamba bapa la mraba. Cha pili ni mpira. Cha tatu ni pembe, yaani kona ya ndani inayopatikana mabamba matatu yanapokutana kama kuta mbili na sakafu. Ukitaka kuiona hiyo pembe, chungulia ndani ya debe la mraba lililofunguliwa juu. Pale chini kabisa, ambapo pande mbili na kitako hukutana, ndipo penyewe.

Tuvimulike vyote kwa rada ya meli ya sentimita 3.

Bamba likiikabili rada sawasawa, uso kwa uso, huitika kwa sauti kubwa ajabu: karibu mita 100 za mraba, sawa na jumbo. Lakini bamba ni kama kioo cha kujitazamia. Likiinama kwa digrii tatu tu, mawimbi hurushwa kando na mwangwi karibu hutoweka. Baharini hakuna kitu kinachotulia wima. Mashua hupanda na kushuka, huyumba kulia na kushoto. Kutegemea bamba ni sawa na kumpigia mtu simu ambayo hushika mtandao mara moja kwa siku.

Mpira nao hauchagui upande. Utautazama kutoka popote, utaitika. Tatizo ni kwamba hutawanya mawimbi pande zote, na yanayorudi ni haba. Mpira wa sentimita 30 una mwangwi wa mita 0.07 za mraba tu. Yeyote aliyetundika sufuria kwenye mlingoti akidhani amejikinga, na ajue sufuria ni ndugu ya mpira.

Sasa pembe. Pembe ya ukingo wa sentimita 30 huitika kwa kama mita 33 za mraba. Ni theluthi ya bamba, lakini haihitaji kuikabili rada sawasawa. Hata ikigeuzwa digrii 20 hivi upande huu au ule, bado huitika kwa nguvu.

Siri yake wachezaji wa pool wanaijua. Ukiupiga mpira kwenye kona ya meza ukagusa ukingo wa kwanza, kisha wa pili, hurudi ulikotoka ukifuata njia iliyo sambamba na ile uliyoendea. Haijalishi uliupiga kwa mshazari gani. Ongeza ukingo wa tatu, na jambo hilo hutimia juu na chini pia. Wimbi linaloingia ndani ya pembe hugonga bamba la kwanza, la pili na la tatu, na kila likigeuzwa, mwisho wake ni kurudi kwa mwenyewe.

Wanafunzi wanaweza kulijaribu hili nyumbani. Tafuta vioo vitatu vidogo vya kujitazamia, uviunganishe kwa utepe vikae kama kona ya chumba. Chungulia ndani. Sogea kushoto, sogea kulia, inama, inuka: pale kwenye kona utaliona jicho lako mwenyewe likikutazama. Huwezi kulikwepa. Vile vibao vyekundu vinavyong'aa nyuma ya baiskeli na malori vimejaa pembe ndogo ndogo za namna hiyo. Na pembe kama hizo za kioo ziliachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, ili wanasayansi wamulike mwanga wa leza kutoka duniani na kuupokea ukirudi.

Hata nyumba yako mjini ni pembe. Ukuta ukisimama wima juu ya ardhi bapa, mawimbi hugonga ardhi, yakagonga ukuta, yakarudi yalikotoka. Ndiyo sababu katika picha za rada zinazopigwa na setilaiti, miji hung'aa mno, ilhali maji yaliyotulia huonekana meusi tititi kwa kuwa huyarusha mawimbi upande wa pili. Mto Tana unapofurika na mawingu yakiwa yametanda siku nyingi, wataalamu hutumia weusi huo kujua maji yamefika wapi, kwani mawimbi ya rada hupenya mawingu.

Bahari nayo huitika

Kama mvuvi angekuwa peke yake kwenye kioo, huenda hata mwangwi wake dhaifu ungesikika. Lakini bahari yenyewe nayo huitika hodi.

Bahari ikiwa shwari ni kama kioo, nayo hurusha mawimbi mbali na meli. Upepo ukivuma, uso wa maji huwa na mikunjo na migongo mingi, na kila mmoja hurudisha mwangwi kidogo. Msimu wa kusi bahari inapochafuka, eneo lote linaloizunguka meli hujaa madoa madoa kwenye kioo. Ofisa wa zamu huona kero, hushika kitufe cha kupunguza mwangwi wa mawimbi, akakizungusha hadi kioo kisafike. Kioo husafika kweli. Lakini mashua iliyokuwa ikiitika kwa sauti ya chini kama wimbi hufutwa pamoja na mawimbi. Ofisa huyo hakufanya uzembe. Amefagia chumba, na pete iliyoanguka ikaenda na takataka.

Mvua ni kizuizi kingine. Tone la mvua ni dogo kuliko wimbi la rada, na kwa vitu vidogo namna hiyo kanuni ni kali. Tone likiwa na upana maradufu, mwangwi wake huwa mara 64. Ndiyo maana mvua kubwa ya matone mazito huweza kufunika kioo kama pazia. Mafundi wa hali ya hewa huufurahia mwangwi huo kwani huwaonyesha mvua iko wapi. Baharia humsumbua. Hapo ndipo rada ya pili ya sentimita 10 huwa na faida: kwayo kila tone huitika karibu mara 100 pungufu, na pazia huwa jepesi.

Wanaojificha na wanaodanganya

Wengine hawataki kuitika hodi, nao wametumia kanuni hizi hizi kinyume chake.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai, 1943, ndege za Uingereza zilizokwenda kuushambulia mji wa Hamburg zilimwaga angani vipande vyembamba vya karatasi yenye ngozi ya alumini. Kila kipande kilikuwa na urefu wa kama sentimita 27, ambao ni nusu ya urefu wa wimbi la rada za Wajerumani zilizokuwa zikiongoza mizinga yao. Kipande chenye urefu wa nusu wimbi huitika kwa nguvu isiyolingana na udogo wake. Vioo vya Wajerumani vikajaa miangwi ya ndege ambazo hazikuwapo.

Miaka iliyofuata, Marekani ilichukua njia ya kunyamaza. Mrusi Pyotr Ufimtsev alichapisha mwaka 1962 hesabu za jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu. Wahandisi wa Marekani wakazitumia kuunda ndege ya F-117, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981. Umbo lake ni mabamba bapa yaliyoinamishwa makusudi ili mawimbi yarushwe kando, na hakuna pembe ya ndani inayoachwa wazi. Hata hivyo, mficha mwangwi hafichi vyote. Tarehe 27 Machi, 1999, ndege moja ya aina hiyo iliangushwa Serbia na wanajeshi waliokuwa na rada ya mawimbi marefu.

Hebu tafakari kinaya hiki. Mataifa makubwa yamemwaga fedha nyingi ili ndege ya chuma isionekane. Mvuvi wetu ameupata mwangwi mdogo bila kutaka, bila gharama, na ni heri angeukosa. Yeye anataka aonekane.

Pembe ya bati

Dawa yake ni ile pembe tuliyoiona ndani ya debe.

Kiakisi cha rada, kama kinavyoitwa, ni mabamba matatu ya chuma au alumini yaliyopishana katikati kwa pembe mraba, hata zikapatikana kona nane zinazotazama pande zote. Hutundikwa juu ya mlingoti, kona moja ikitazama juu kama bakuli linalokinga mvua. Hakitumii betri wala mafuta, na hakina kitu cha kuharibika ila kutu.

Tuipige hesabu. Mashua yenye mwangwi wa mita 0.02 ikipata kona ya mita 33, mwangwi umeongezeka zaidi ya mara 1,600. Kwa kuwa umbali hula mwangwi kwa kasi ile ya 16, ongezeko hilo kwa hesabu tupu hufanya mashua ionekane kutoka umbali wa mara sita hivi. Ilipokuwa ikionekana kutoka kilomita 1, sasa huonekana kutoka kilomita 6.

Kilomita hizo zina maana gani? Meli inayokwenda noti 20 hukata kilomita 37 kwa saa. Kilomita 1 huimaliza kwa sekunde 97. Kilomita 6 huzimaliza kwa karibu dakika 10. Na meli ya makontena haisimami kama matatu inaposhusha abiria. Hata injini zikigeuzwa kurudi nyuma, huendelea kuteleza zaidi ya kilomita moja. Sekunde 97 hazimtoshi nahodha. Dakika 10 zinamtosha kugeuza usukani na kuendelea na chai yake.

Namba 16 inarudi hapa kwa wema. Ukiongeza ukingo wa pembe mara mbili, mwangwi huongezeka mara 16. Pembe ya sentimita 15 huitika kwa mita 2 tu, ile ya 30 kwa 33. Kwa hiyo anayenunua kiakisi kidogo kwa sababu ni rahisi kubeba, asidhani amepunguziwa nusu tu.

Mafundi wetu wa jua kali, wale wa Kamukunji wanaokunja bati hadi likawa sanduku la shule, wanaijua kazi ya pembe mraba. Lakini hapa hakuna kukisia kwa jicho. Kona ikikosea digrii chache, au bati likibonyea, mawimbi hayarudi sawasawa na nguvu nyingi hupotea. Kingo zinyooshwe kwa kipimo, na bamba liwe gumu lisipinde kwa upepo. Kiakisi kilichopimwa na kuthibitishwa ni bora zaidi kwa anayekimudu. Na kiwekwe juu kadiri inavyowezekana, maana kikikaa karibu na maji hufichwa na mawimbi.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uitwao SOLAS, unalitambua jambo hili. Unazitaka meli za tani 300 na zaidi ziwe na rada, na vyombo vya chini ya tani 150 viwe na kiakisi pale inapowezekana. Sheria iliyoandikwa kwenye karatasi, hata hivyo, haipandi mlingotini peke yake. Na kiakisi hakiondoi haja ya taa, koti la kuokolea maisha na macho makini, kwa sababu katikati ya kona na kona huwa pana upande ambao mwangwi hupungua, na kuna usiku ambao ofisa wa zamu hatazami kioo.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, wakimcheka mtu mwenye maneno mengi na akili haba. Baharini usiku methali hiyo hugeuka. Kinachovuma ndicho kinachosikika, na kinachosikika ndicho kinachookoka.

Basi likizo ijayo, mkisimama tena Mama Ngina Drive na mtoto akauliza kile kinachozunguka ni nini, mpe jibu lote. Mwambie ni rada, nayo hupiga hodi kwa kila kitu kilicho mbele yake. Kisha mwonyeshe ile mashua ndogo inayotoka kwenda kuvua, mtazame pamoja juu ya mlingoti wake, muone kama ina cha kuitikia.